MAZIWA HAYATOI RISASI MWILINI

Ndugu Wafanyakazi,

Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita lilizuka jambo ambalo limeninyima usingizi. Baadhi ya wenzetu walisimama wakasema kwamba katika madai tutakayopeleka mbele ya waajiri, lile dai la ndugu wa betri na wa rangi, yaani kupimwa damu kila mwaka, liondolewe, na mahali pake tuombe pesa za maziwa. Walisema dai la damu ni gumu, ni la wasomi, na litachelewesha mazungumzo. Bali pesa za maziwa zitatolewa upesi na kila mtu atazitia mfukoni mwisho wa mwezi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na leo naomba nafasi katika karatasi yetu hii nieleze kwa nini, kabla ya kura kupigwa.

Nitaanza mahali ambapo wengi hampatazamii, yaani katika idara za kemia za vyuo vikuu vyetu. Nilipoitaja habari hii barazani hapa Kuze, mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, wewe mtu wa reli, na kemia wapi na wapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, ni kweli, mimi nilisomeshwa shule ya misheni nikaishia darasa la nane. Kemia siijui. Lakini kemia yanijua mimi, maana imo katika betri ninayoibeba, imo katika rangi ninayoikwangua, na huenda imo katika mifupa yangu." Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi waandikie wenzako."

HABARI ZA WANAKEMIA

Yapo mambo mema yanayotoka kwa wanakemia wetu, na yafaa tuyajue kama tunavyojua matokeo ya mpira. Mwaka 2021 mwanamke wa Kenya, Profesa Catherine Ngila, alipewa tuzo ya kimataifa ya L'Oréal-UNESCO kwa kazi yake ya kemia ya kupima uchafu ulio katika maji. Magazeti yalimsifu, nasi twamsifu. Lakini iko kazi nyingine ambayo haikupigiwa tarumbeta, nayo ndiyo yetu hasa.

Mwaka 2012 wanakemia wa Nairobi, akiwemo Faridah Were wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika viwanda vya Kenya vya kuyeyusha betri kuukuu na vya kutengeneza betri mpya. Walipima hewa wanayovuta wafanyakazi, wakapima na damu yao. Wakaona kwamba wafanyakazi wa sehemu za kazi yenyewe walikuwa na risasi katika damu kiasi cha wastani wa karibu mikrogramu 60 kwa kila desilita. Tena makarani wa ofisini, ambao hawashiki betri hata moja, walikuwa na zaidi ya 40.

Ndugu atauliza, hizo mikrogramu ni nini? Chukua gramu moja, uigawe mara milioni moja. Kipande kimoja ndicho mikrogramu. Na desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kama kikombe kidogo kisichojaa. Waweza kusema, basi hiyo 60 si kitu! Lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Na huko Marekani, tangu 2021, mtoto akionekana na 3.5 tu huhesabiwa kuwa ni wa kuangaliwa. Watu wazima wa viwanda vyetu walikuwa na karibu 60. Huyu karani naye, aliyevaa shati jeupe akidhani kuwa yeye si mtu wa karakana, hewa ilimfuata mpaka mezani pake.

Hesabu hii haikuletwa na meneja. Haikuletwa hata na chama chetu. Ililetwa na watu wa kemia. Bila wao tungekuwa tunasema tu, "Fulani tumbo lamuuma," na bwana mkubwa angejibu, "Amekula vibaya."

JINSI WANAVYOIONA

Vipimo hivi si uganga. Damu kidogo hutolewa mkononi. Katika maabara huchomwa kwa joto kali mpaka kilichomo kiwe mvuke, kisha hupitishwa humo mwanga wa taa maalumu. Kila madini hunyonya mwanga wa namna yake peke yake, na risasi hunyonya wa kwake. Mtambo hutazama mwanga ulioingia na mwanga uliotoka. Ule uliopotea ndio ushahidi wa risasi. Njia hii ilitangazwa na Alan Walsh wa Australia mwaka 1955, mwaka ule ule ambao wafanyakazi wa bandari yetu ya Mombasa walifanya mgomo wao mkubwa. Si jambo la jana. Basi nani atuambie kwamba ni ndoto ya wasomi?

RISASI ISIYO NA MLIO

Lugha yetu ina hekima. Madini haya na ile inayotoka katika bunduki tumeviita kwa jina moja. Tofauti ni kwamba hii yetu haina mlio. Betri ikivunjwa, vumbi huruka. Sahani zake zikiyeyushwa, na risasi huyeyuka upesi, kwa digrii 327 tu, moshi hupanda na mtu huuvuta. Kutoka mapafuni huingia katika damu, na kutoka damu huenda mifupani. Katika damu hupungua baada ya wiki kadhaa mtu akiondoka kazini, lakini mifupani hukaa miaka mingi, hata ishirini na zaidi, ikitoka kidogo kidogo kama deni lisilokwisha.

Nayo humfanya mtu nini? Tumbo humsokota na choo hufunga. Kichwa humuuma. Damu hupungua nguvu. Presha hupanda. Husahau mambo, hugombana na mkewe bila sababu, na mkono hulegea hata asiweze kukaza nati. Mama mjamzito huweza kuharibu mimba. Mtoto mdogo huguswa akili, akawa mzito darasani, na mwalimu akamwita mjinga.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisema kwa fumbo, lakini kwetu sisi ni kweli tupu: vumbi la risasi lakaa katika ovaroli. Baba arudi nyumbani, mtoto amkimbilia amkumbatia, na baba amempa mtoto sumu bila kujua.

PAKITI YA MAZIWA

Sasa nije kwenye maziwa, kwani mimi mwenyewe niliyanywa.

Kabla ya kupata kazi ya reli nilikuwa kibarua mahali ambapo sitapataja, pa kuvunja betri. Tulipiga masanduku kwa shoka, tukamwaga tindikali chini, tukatoa sahani kwa mikono mitupu. Saa nne kila siku msimamizi alipita akatupa kila mtu pakiti ya maziwa ya nusu lita. "Kunyweni, yasafisha kifua," alisema. Tukamshukuru! Tukamwona ni mtu mwema kuliko msimamizi wa jirani asiyetoa hata maji. Tulikuwa watu sita pale. Mmoja wetu, kijana aliyekuwa na nguvu kutushinda sote, leo hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwagika. Hakuna aliyempima, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni nini kilichompata. Hilo ndilo linalonichoma. Hana karatasi. Hana hesabu. Ana kumbukumbu ya maziwa tu.

Ndugu, maziwa ni chakula kizuri. Mtu anayekula vyema, mwenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha mwilini, tumbo lake hupokea risasi kidogo kuliko la mwenye njaa. Hayo ni kweli na siyakatai. Lakini risasi ya kazini huingia zaidi kwa pumzi, na maziwa hayaendi mapafuni. Wala hayaingii katika mfupa yakaitoa iliyokwisha kukaa humo. Mwenye kukuambia kwamba pakiti ya maziwa ni kinga, ama hajui, ama ajua na amepiga hesabu kwamba maziwa ni rahisi kuliko feni ya kuvutia moshi, barakoa ya kweli, bafu na ovaroli inayofuliwa pale pale kazini.

Hivyo wanaotaka tubadilishe dai la damu kwa pesa za maziwa, wananikumbusha habari tuliyosomeshwa misheni ya Esau, aliyetoka kuwinda ana njaa akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Dengu zililiwa siku ile ile. Haki haikurudi.

TAZAMENI OWINO UHURU

Asiyeniamini na avuke daraja la Makupa aende mpaka Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale karibu na mwaka 2007, ukuta wake umeshikana na nyumba za watu. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga augua. Damu ya mtoto ilipopimwa ikaonekana risasi. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba sumu ilimfikia mtoto kwa maziwa ya kifua chake. Sikieni hilo, enyi watu wa maziwa! Maziwa yale hayakuitoa risasi, yaliibeba.

Mama yule hakunyamaza. Alikusanya majirani, akagonga milango ya Serikali, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2018 wachunguzi walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ilikuwa kwa wastani karibu maradufu ya ile ya watoto wa kitongoji cha Bangladesh, hapa hapa Mombasa. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia ile. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha.

Sasa nawauliza: ni kitu gani kilichowasimamisha maskini wale mbele ya majaji, mara tatu, wasianguke? Ujasiri, naam. Mawakili, naam. Lakini wangekuwa hawana namba za damu na namba za udongo, wangeambiwa waende nyumbani. Machozi hayaandikwi katika faili ya mahakama. Namba huandikwa.

KEMIA YA NANI?

Wala msidhani kwamba nawaabudu wasomi. Kemia ni kama panga, yategemea limeshikwa na nani. Mwaka 1921 huko Marekani Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli injini hukimbia bila kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo na makumi wakaugua. Midgley akaita waandishi wa magazeti akanawa mikono kwa dawa ile mbele yao, kuonyesha kwamba haina neno. Huyo ni msomi wa kampuni.

Baadaye akatokea Clair Patterson, naye mwanakemia, wa chuo cha California. Mwaka 1965 aliandika wazi kwamba risasi inayowajaa watu si ya asili bali imetoka kwa viwanda na magari. Wenye mali walimchukia, lakini hesabu zake zilisimama. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na mwezi Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayouza petroli hiyo kwa magari. Miaka mia moja! Wafanyakazi ndio waliokufa kwanza, na dunia ikaamini mwisho.

Kwa hiyo nina neno pia kwa wasomi wetu, na wasikasirike. Mwatoa matokeo mazuri, lakini mwayaandika kwa Kiingereza katika vitabu ambavyo mtu wa karakana hatavisoma hata akiishi miaka mia. Mwampima mfanyakazi damu, kisha mwapata digrii, naye apata nini? Hapa kisiwani petu, Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kama taasisi ya kuwafundisha vijana wa Kiislamu ufundi. Mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Kilizaliwa kwa ajili ya mafundi. Na kisiwasahau mafundi sasa kwa kuwa kimevaa joho.

WASEMAO TUTAFUKUZWA

Lipo neno moja la wapinzani wangu ambalo ni zito, nami sitalikwepa. Wanasema, "Tukipimwa tukaonekana na risasi, tajiri atatufukuza. Afadhali kutojua." Hofu hiyo naielewa. Mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kuchekwa kwa kuogopa.

Lakini sikilizeni walivyofanya wenzetu. Mwaka 1978 Marekani iliweka kanuni kwamba mfanyakazi wa kiwandani akionekana na mikrogramu 60 aondolewe kwenye kazi ile ya risasi mpaka damu yake ishuke, na muda huo, hata miezi 18, mshahara wake na cheo chake visiguswe. Wenye viwanda walikwenda mahakamani kuipinga. Chama cha wafanyakazi wa chuma kilisimama kuitetea, na mwaka 1980 kanuni ile ikathibitishwa. Basi rudini kwenye namba za Nairobi: kwa kanuni ile, wengi wa wale waliopimwa wangetolewa kwenye moshi siku ile ile, na mshahara wakapokea.

Kwa hiyo dai letu lazima liwe na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kupimwa. Mguu wa pili ni kulindwa mshahara kwa atakayeonekana na sumu. Dai la mguu mmoja litaanguka, na hapo wenzangu wana haki ya kuogopa. Lakini jawabu la dai lenye mguu mmoja ni kuliongeza wa pili, si kulikata ule uliopo.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe ndani yake. Kanuni za uchunguzi wa afya za 2005 zataja wafanyakazi wa kazi zenye sumu wachunguzwe. Na tujiulize bila kuoneana haya: katika sehemu zetu kamati hizo ziko wapi? Wajumbe wetu ni nani? Walikutana lini? Tumeilaumu Serikali na tajiri, na sheria tumeilaza kabatini sisi wenyewe.

TUFANYE NINI

Mimi naleta mbele ya tawi mambo manne.

Kwanza, dai la kupimwa damu kila mwaka kwa wote wa betri, wa rangi, wa kuchomelea na wa kusafisha karakana libaki katika mkataba wa pamoja, na gharama iwe juu ya mwajiri. Makarani wa jirani wasisahauliwe.

Pili, matokeo apewe mfanyakazi mwenyewe mkononi, kwa karatasi na kwa Kiswahili. Damu ni yake.

Tatu, atakayeonekana na risasi ahamishwe kazi na mshahara wake usipunguzwe hata senti moja.

Nne, tawi lipeleke wajumbe Tudor, wawaombe watu wa kemia waje katika mkutano wetu, waone karakana, watufundishe, nasi tuwafundishe wao kazi ilivyo. Na watoto wetu wanaopenda sayansi tuwatie moyo, ili siku moja anayeshika kipimo awe mtoto wa aliyeshika betri.

Maziwa? Mwajiri akitaka kuyatoa na ayatoe, tutayanywa na chai. Lakini yasiandikwe mahali pa damu.

Mwezi Januari 1947 baba zetu wa mji huu, wa reli na wa bandari na wa majumbani, waligoma wakakutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Hawakuomba sadaka. Walikuja na hesabu: kodi ni kiasi gani, unga ni kiasi gani, mshahara ni kiasi gani. Serikali ikalazimika kuunda baraza la Jaji Thacker kuzitazama hesabu zile, na mishahara ikaongezwa. Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mbali, lakini hesabu haikuhamishika. Wao walihesabu shilingi. Sisi tuhesabu na damu.

Siku ya kura, ndugu yangu, kabla hujainua mkono kwa ajili ya pesa za maziwa, utazame kwanza huo mkono. Ukiwa hautetemeki, mshukuru Mungu, kisha uinue kwa ajili ya yule ambaye wake watetemeka.

Wenu katika kazi,

MTU WA RELI
Kuze, Mombasa